Sura ya Sita: Kwa Nini Mkubwa Arudi Majini?

Watu wa mwambao, na hususan wale ambao wazazi wao waliishi kwa mshipi na ndoana, wanapoonyeshwa picha ya mgeni aliyempakata kolekole mwenye uzito wa mtoto wa miaka kumi, kisha wakaambiwa kwamba baada ya picha ile samaki alirudishwa baharini, huuliza swali moja lisilokoma: mtu mwenye akili timamu, aliyekwisha taabika juani na kushindana na mnyama mwenye nguvu hata mikono ikamtetemeka, huipata wapi sababu ya kuiachia riziki ambayo Mwenyezi Mungu amemfikishia hadi ubavuni mwa chombo? Swali hili ni la haki, wala halistahili kujibiwa kwa kicheko, wala kwa yale maneno ya kifahari juu ya mapenzi ya viumbe ambayo husemwa zaidi na watu walioshiba.

Jibu langu ni kwamba samaki mkubwa wa maji ya pwani ana thamani mbili, moja ya mnadani na moja ya baharini, na kwa aina nyingi za samaki thamani hii ya pili huishinda ile ya kwanza kwa mbali mno kuliko mvuvi awezavyo kudhani anapomtazama samaki sakafuni mwa ngalawa. Lakini kumrudisha samaki akiwa hai ni kazi yenye maarifa yake, na asiyekuwa na maarifa hayo aghalabu humwua samaki yuleyule ambaye anadhani amemfanyia ihsani.

Maji ya karibu na wakazi wake

Ninaposema maji ya karibu nakusudia yale yaliyomo ndani ya upeo wa macho ya mtu aliyesimama ufukoni: hori na mikoko, mafungu ya mchanga, kingo za miamba ya matumbawe, na ile milango ambamo maji ya bamvua hupita kwa kasi yakiwachukua vidagaa na kuwapeleka mbele ya vinywa vinavyowangoja. Humu ndimo mvuvi ashushamo mshipi wenye chubwi, yaani kile kipande cha risasi kinachoizamisha ndoana. Ndimo arambazamo, yaani aburutamo chambo nyuma ya chombo kiendacho. Na ndimo ategamo dema lake. Wakubwa wa maji haya si nduaro wala jodari wa kilindini, bali ni kolekole, ambaye huweza kufikia urefu wa sentimita 170 na uzito wa kilo 80; ni mzia mwenye meno ya kutisha; na aliye mkuu wao wote ni chewa, ambaye aina yake iliyo kubwa kabisa katika Bahari ya Hindi huweza kupita urefu wa mita mbili na nusu na kufikia kilo 400.

Samaki hawa wana udhaifu mmoja uwapasao wavuvi kuuzingatia. Samaki wa kilindini hulindwa kwa kiasi fulani na umbali, dhoruba na gharama za safari. Lakini chewa akaaye katika pango la mwamba, ambaye hulishika pango lile miaka na miaka asilihame, anaweza kufikiwa na kila mwenye mtumbwi na kipande cha chambo.

Hesabu ya mayai

Sisi tuliolelewa baina ya minazi na mbuzi tumezoea kuona kwamba kila kilichozeeka hupungukiwa na tija: mnazi mkongwe hutoa nazi chache, na mbuzi mzee hukoma kuzaa. Samaki hafuati mwendo huo. Samaki wengi wa baharini huendelea kukua muda wote wa uhai wao, ijapokuwa kwa kasi inayopungua, na jike anapoendelea kukua, tumbo lake huendelea kuongezeka nafasi ya mayai. Mwili ukirefuka mara mbili huwa mzito takriban mara nane, kwa kuwa umeongezeka pia upana na kimo. Na mayai, kwa aina nyingi, huongezeka hata kuliko uzito.

Mwaka 2018 ulitangazwa uchunguzi uliokusanya habari za aina 342 za samaki wa baharini, na mfano mmoja uliotolewa humo ni wa samaki wa maji baridi ya Atlantiki ya kaskazini, ambaye watu wa Ulaya wamemla kwa karne nyingi akiwa mbichi na akiwa mkavu. Ili kumfikia jike mmoja wa samaki huyo mwenye kilo 30 kwa wingi wa mayai, huhitajika majike 28 wa kilo mbili mbili. Hebu tuitazame hesabu hii kwa jicho la mvuvi. Wale majike 28 wana jumla ya kilo 56, na yule mmoja ana kilo 30. Kwa mizani ya mnadani fungu la kwanza linakaribia kuwa maradufu ya la pili, ilhali kwa mizani ya bahari mafungu hayo mawili, kwa upande wa mayai ya msimu ule, ni sawasawa. Basi mvuvi aliyemwacha mkubwa akachukua wale wa kiasi amepata nyama nyingi zaidi kwa hasara ileile ya mayai. Na aliyefanya kinyume chake amekula rasilmali akidhani anakula faida.

Hapo pana tahadhari moja. Simaanishi kwamba wadogo wavuliwe bila kikomo, kwa maana samaki mchanga ambaye hajazaa hata mara moja naye apaswa kuachwa, na jambo hili wazee wetu walilijua bila ya kufundishwa na mtu wa kitabu. Jambo lililo jipya kwa wengi wetu ni kwamba ile huruma tuliyokuwa nayo kwa mtoto inampasa pia mzee, na kwamba anayefaa kwa chungu ni yule wa katikati.

Chewa na madume wake

Kwa chewa mambo yana ajabu zaidi. Chewa wa aina nyingi huanza maisha yao wakiwa majike. Hukua, huzaa kwa miaka kadhaa, kisha baadhi yao, wakiisha kufikia umbo kubwa, hugeuka wakawa madume. Pono naye ana tabia inayofanana na hiyo, na yule pono mwenye rangi za kung'aa ambaye kila mtu humstaajabia sokoni mara nyingi ni dume aliyekuwa jike zamani.

Mambo haya yana matokeo yaliyo dhahiri kwa kila atakayeyatafakari. Ndoana ikiwachagua wakubwa, kwa hakika inawachagua madume, na mwamba unaweza kubaki na majike wengi wenye mayai tele ilhali wa kuyatungisha hawapo. Jambo hili limekwisha kutokea. Katika Ghuba ya Mexico, aina moja ya chewa iliyokuwa na madume takriban 17 katika kila samaki 100 mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikutwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na madume wapatao wawili tu katika kila 100. Samaki walikuwapo, wavuvi waliendelea kuvua, na mtu aliyehesabu vichwa peke yake asingeliona lililokuwa likiharibika.

Tena chewa wa aina nyingi hukusanyika kuzaa mahali maalumu na kwa mwandamo maalumu wa mwezi, wakaja kutoka miamba ya mbali hadi kwenye mlango mmoja au ncha moja ya mwamba. Nahodha aliyerithi siri ya mahali hapo anaweza kujaza chombo kwa siku chache, na katika siku hizo chache akaondoa wazazi wa eneo ambalo hajapata kulifikia.

Kwa ufupi, hoja zetu hadi hapa ni hizi:

- Jike mkubwa hutaga mayai mengi kupita kiasi cha uzito wake.
- Kwa chewa na jamaa zake, mkubwa aghalabu ndiye dume, naye hapatikani upesi mwingine wa kumrithi.
- Samaki aliyekwisha kuwa mkubwa ameishi miaka mingi, na nafasi yake hujazwa kwa miaka mingi vilevile.

Yaliyotokea Florida

Katika mwambao wa kusini wa Marekani yuko samaki wa rangi ya shaba mwenye doa jeusi karibu na mkia, ambaye utoto wake huupitisha katika hori na majani ya maji ya chumvi, kisha akishapevuka hutoka kwenda kujiunga na makundi ya wakubwa katika maji ya nje, na huko huweza kuishi hata miaka 40. Kwa muda mrefu hakuwa samaki wa fahari. Kisha mpishi Paul Prudhomme, aliyefungua mkahawa wake mjini New Orleans mwaka 1979, akamfanyia mapishi ya siagi na bizari katika kikaango cha moto mkali hata akawa mweusi juu, na katika miaka ya 1980 mlo huo ukatakiwa katika mikahawa ya nchi nzima. Vyombo vyenye nyavu kubwa za kuzungushia vikayafuata yale makundi ya wakubwa huko nje, yaani wazazi wenyewe, na kabla ya muongo ule kwisha serikali ililazimika kuufunga uvuvi wa biashara wa samaki huyo katika maji yake ya Ghuba.

Kanuni iliyokuja baadaye ndiyo inayonivutia. Huko Florida, mahali ambapo mvuvi wa mshipi anaruhusiwa kumchukua samaki huyo, humchukua yule tu mwenye urefu wa kati ya inchi 18 na 27, yaani sentimita 46 hadi 69 hivi. Aliye mfupi kuliko hapo hurudi kwa sababu hajazaa, na aliye mrefu kuliko hapo hurudi kwa sababu ndiye mzazi. Kanuni yenye mipaka miwili namna hii humfanya mvuvi apime samaki wake kwa ufito kabla ya kumpima kwa tamaa, na kwa maoni yangu ni moja katika tadbiri za uvuvi zilizo rahisi kueleweka na kila mtu, awe amesoma au hakusoma.

Kisa cha pili ni cha yule chewa mkubwa kabisa wa Atlantiki, ambaye kwa ukubwa wake alipewa jina la Jaluti, jitu lililouawa na Daudi. Chewa huyu hupitisha miaka yake ya kwanza katika mizizi ya mikoko, na akiwa mkubwa haogopi mtu. Wapiga mbizi wenye mikuki walimkuta amesimama tu mbele yao, wakammaliza. Mwaka 1990 Marekani ilipiga marufuku kumchukua. Mvuvi aliyemnasa kwa bahati alipaswa kumwachia, na wakati huohuo wale walioachiwa wakaendelea kukua. Ilichukua miaka 33 kabla ya jimbo la Florida kutoa ruhusa tena, mwaka 2023, nayo ilikuwa ruhusa ya vibali 200 tu vinavyogawiwa kwa kura, na kwa samaki wenye urefu wa baina ya inchi 24 na 36, yaani sentimita 61 hadi 91. Hata baada ya subira ya miaka yote hiyo, waliofunguliwa kwa wavuvi ni vijana. Wakubwa wangali haramu.

Je, aliyerudishwa huishi?

Hapa ndipo wengi hughafilika. Mtu akishamwona samaki anazama na kupotea machoni, hudhani kwamba jambo limekwisha, ilhali mauti ya samaki aliyechoshwa huweza kuja saa kadhaa baadaye, mahali ambapo hapana wa kuyashuhudia. Katika mwambao wa mashariki wa Marekani yuko samaki mwenye milia ambaye wavuvi wa burudani humpenda mno, na wasimamizi wa uvuvi hukadiria kwamba katika kila 100 wanaorudishwa, 9 hufa. Kiasi hicho ni kidogo kwa kukisikia. Lakini kwa kuwa wanaorudishwa ni wengi sana, iko miaka ambayo vifo hivyo vimekaribia nusu ya vifo vyote vilivyoletwa na uvuvi wa samaki huyo.

Sababu za kufa ni nyingi, na zilizo kubwa ni ndoana iliyomezwa hadi tumboni, uchovu wa mapambano marefu katika maji ya joto yenye hewa haba, kukaa nje ya maji, na kupandishwa kutoka kina kirefu. Hii ya mwisho yataka maelezo. Samaki wengi wa miambani wana kibofu cha hewa ndani ya mwili, ambacho huwawezesha kuelea bila ya kuzama wala kuibuka. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo wa maji kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, hata samaki aliye mita 30 chini hugandamizwa mara nne ya aliye juu. Akipandishwa kwa haraka, hewa ile iliyo kibofuni hutanuka mara nne. Macho humtoka, tumbo husukumwa nje ya kinywa, na akiachiwa hubaki akielea juujuu bila ya uwezo wa kuzama, akawa karamu ya papa na ndege.

Dawa yake si kulitoboa lile tumbo lililotokeza, kama wafanyavyo baadhi ya watu, bali ni kumrudisha samaki chini kwenye mgandamizo aliouzoea. Chukua ndoana kubwa ambayo kijino chake kimesagwa, funga mshipi kwenye pindo lake, ning'iniza chubwi nzito kwenye tundu lake, ipitishe mdomoni mwa samaki na umshushe naye akitangulizwa kichwa. Akifika chini, hewa husinyaa, nguvu humrudia, nawe ukivuta mshipi ndoana huchomoka yenyewe. Mwaka 2022 sheria ya Marekani ilianza kumtaka kila avuaye samaki wa miambani katika maji ya serikali kuu ya Ghuba ya Mexico awe na chombo cha namna hii, au sindano maalumu ya kutolea hewa, tayari chomboni.

Yaliyobaki ni adabu ambazo mvuvi yeyote anaweza kuzishika:

1. Tumia ndoana ya duara, ambayo ncha yake imepindwa kuelekea shina. Samaki akiondoka nayo huteleza hadi pembe ya mdomo badala ya kunasa utumboni. Watu wa visiwa vya Pasifiki walichonga ndoana zinazofanana na hizo kwa mifupa na makombe karne nyingi kabla ya viwanda. Usiuvute mshipi kwa ghafula. Uache ukazike wenyewe.
2. Tumia mshipi wenye nguvu ya kutosha, mapambano yawe mafupi. Kumchezesha samaki kwa mshipi mwembamba ili furaha irefuke ni kumwua polepole.
3. Mwache majini. Huko Florida samaki wa fedha aitwaye tarpon, akizidi inchi 40, yaani mita moja hivi, sheria imekataza hata kumwinua nje ya maji.
4. Ukilazimika kumshika, lowesha mikono, maana ule utelezi uliofunika magamba ndio kinga yake dhidi ya maradhi. Na umtegemeze chini ya tumbo. Mzito aliyening'inizwa kwa taya huumia taya na viungo vya ndani.
5. Usitie vidole katika matamvua, yaani vile vinyuzi vyekundu ambavyo kwavyo hupumua.
6. Mwelekeze kichwa kwenye mkondo hadi aondoke kwa nguvu zake mwenyewe.

Anayevua chakula cha watoto

Sasa turudi kwa yule aliyeuliza. Mvuvi wa ngalawa ambaye tangu alfajiri hajapata kitu, kisha akanasa chewa wa kilo 40 jioni, ana mbele yake ada za shule, deni la dukani na mafuta ya mashine. Na mimi siwezi, wala mwingine yeyote hawezi kwa insafu, kumwamuru amwachie kwa sababu ya mayai ya mwaka ujao ambayo huenda yakavuliwa na mtu mwingine. Bahari isiyokuwa na mwenyewe haimlipi mwenye subira. Kwa hiyo wajibu wa kumrudisha mkubwa uanze kwa yule anayevua kwa starehe, ambaye amelipa nauli ya boti kwa ajili ya mapambano na picha, na ambaye chakula chake cha jioni kinamngoja hotelini. Huyo hana udhuru hata mmoja.

Kwa wavuvi wa riziki, njia iliyo ya haki ni kuwaachia wakubwa mahali badala ya kuwaachia mmoja mmoja, yaani kuufunga mwamba fulani kwa makubaliano ili wazee wa samaki wakae humo, na vizazi vyao vitoke kwenda kuvuliwa nje. Malindi na Watamu nchini Kenya zilitengewa hifadhi zao za bahari tangu mwaka 1968, na mwamba wa kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, ulifungwa kwa uvuvi mwaka 1994. Hapo hasara hugawanywa kwa wote, na hakuna mtu mmoja anayetakiwa kuwa mwema peke yake huku jirani yake akivuna. Sharti lake ni kwamba wavuvi wa hapo washirikishwe katika kuchagua mwamba upi ufungwe, kwani wao ndio wanaojua ni wapi chewa hukusanyika na kwa mwezi upi, na kufunga pasipokuwa na wazazi ni kuwanyima watu riziki bure.

Asiyefaa kurudishwa

Iko hali moja ambayo kumrudisha samaki mkubwa hakuna maana, nayo yafaa isemwe wazi ili kanuni isigeuke kuwa ushupavu. Samaki anayetoka damu nyingi katika matamvua, au aliyeraruliwa utumbo na ndoana, au aliyeshikwa dakika nyingi hata amelegea kabisa na hajibu unapomwelekeza mkondoni, huyo uhai wake umekwisha ingawa bado anafunua kinywa. Pale ambapo sheria inaruhusu kumchukua, mtoe, mchinje mara moja asiteseke, mtie kivulini na umpeleke nyumbani. Kichwa kipikwe mchuzi wa nazi, na kwa kuwa mkubwa hamalizwi na nyumba moja, vipande vipelekwe kwa majirani. Kisha mvuvi aitazame ndoana iliyofanya kazi ile, na kama ni ya namna ya zamani inayomezwa, aibadilishe kabla ya kutupa mshipi tena.